Lalamiko Kuhusu Wapangaji wa Kiwanda cha Sufu cha Cwmhelyg

Ndugu Mhariri,

Natumaini u mzima, na goti la mama watoto limepata nafuu.

Mimi ni Idwal Penri, niliyekuwa fundi wa mitambo ya kufumia katika kiwanda cha sufu cha Cwmhelyg, hapa Wales, kwa miaka ishirini na moja. Naiomba Halmashauri, kupitia gazeti lako, ikifunge kiwanda hicho moja kwa moja, ikiwezekana kabla ya Pasaka. Sababu zangu ni hizi:

1. Kila mpangaji amekuwa na kasoro zaidi kuliko aliyemtangulia. Sisi wafumaji tulipofukuzwa mwaka 1984, waliingia kuku elfu mbili. Sikulalamika. Kuku wana kelele, nasi tulioharibiwa masikio na mitambo tuliwaona wenzetu. Wakafuata wakulima wa uyoga, watu wakimya mno, hata salamu waliipokea kwa kutikisa kichwa. Kisha akaja mfinyanzi kutoka England, ambaye vikombe vyake vilisimama upande kama walevi.

2. Wa sasa ni Heledd na mumewe Macsen. Wamefungua mkahawa na makumbusho. Mtambo wangu namba tisa wameuwekea tangazo: "Usiguse." Nilipougusa, Macsen alisema kwa adabu, "Mzee wangu, huo ni urithi wetu." Nikamjibu, "Kijana, huo ulinila kidole." Akauliza kama bado ninacho, wakiweke kabatini.

3. Ukutani kuna picha kubwa yenye maandishi: "Mfumaji asiyejulikana, 1959." Huyo ni dada yangu Morfudd! Anakaa nyumba ya nne kutoka hapo, na kila Jumanne hula keki chini ya uso wake mwenyewe. Nilimwambia, "Dada, nenda ukajitaje." Akanikatiza: "Wee Idwal, hebu nyamaza! Miaka ishirini na mitano nilifuma pale, msimamizi akiniita 'wewe wa dirishani'. Hawa angalau wamekiri hawanijui."

Dada hataki kujitaja, Ndugu Mhariri. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

4. Ni dhahiri basi kwamba kosa ni la jengo lenyewe: kila aingiaye husahauliwa. Hata kuku hawana picha. Nashauri jengo wapewe popo, mto uliokuwa ukiendesha mitambo ugeuzwe upite kwingine, na kondoo wa bonde zima waarifiwe rasmi kwamba hawana haja tena ya kuota manyoya.

Nisalimie wote ofisini, hasa yule binti anayezipunguza barua zangu kwa mkasi.

Wako katika masikitiko,
Idwal Penri

Nyongeza: Nikiwa natafuta stempu, Heledd amebisha hodi. "Mzee Idwal, watu kumi na wawili wanataka kujifunza kufuma, na sisi hatujui hata pa kuanzia. Utakuja?" Naanza Jumatatu. Kwa hiyo Halmashauri isifunge chochote. Ilete fundi wa paa haraka, maana linavuja, na wanafunzi wangu hawawezi kufuma huku wameshika miavuli.