Matundu Yaonekane Dirishani

Wananchi wa Sainte-Ludivine, Quebec, wanajulishwa kwa furaha kwamba tatizo la matundu limekwisha. Natamka haya nikiwa Naibu Mkurugenzi wa Idara ya Uelekeo wa Matundu, na nikiwa mtu aliyekuwapo tangu mwanzo.

Kabla yetu kulikuwa na vurugu tupu. Kila mwisho wa baridi, utomvu unapoanza kutembea, mkulima alichukua keekee, akauzunguka mti wake wa mepo akipapasa gome, akaliona kovu la mwaka jana, akasogea pembeni, akatoboa, akatundika ndoo ya kukinga utomvu wa kuchemshwa uwe asali. Hakuomba kibali cha mtu! Matundu yalitazama kila upande kama umati uliotawanywa na polisi.

Mkurugenzi wetu, Bwana Normand Lachapelle, alikomesha hali hiyo. Aliagiza matundu yote yaonekane kutoka dirishani mwake, ili ukaguzi ufanyike kwa darubini. Theluji ya Machi, ieleweke, huharibu viatu vya ngozi.

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri ajabu. Wa pili, matundu yalibanana upande huo mmoja. Wa tatu, keekee zilitoa maranda ya kahawia kama ugoro, na ndoo zikabaki kavu. Taarifa yetu ilisifu usafi wa ndoo.

Ndipo Huguette Bolduc, mjane anayeishi kwa asali ya mepo tu, alipoingia ofisini na theluji mpaka magotini, nusu ya kijiji nyuma yake.

"Bwana Lachapelle, upande ule umekufa. Ukitoboa kwenye kovu unatoboa kuni. Nimeshamzika mume, miti yake sitaizika."

"Mama, serikali haijakukataza kutoboa."

"Imenikataza kutoboa penye uhai!"

Niliingilia kati, nikapendekeza iundwe kamati ya kuchunguza uwezekano wa kuigeuza miti.

"Kaigeuze ya kwenu!" ilisema sauti mlangoni. Sikuiingiza kwenye kumbukumbu za kikao.

Huguette alilitazama dirisha. Macho yalikuwa mekundu, nami nikadhani tumeshinda. Kisha akauliza kwa adabu, "Kwa hiyo shida si upande. Shida ni dirisha lako?"

"Umeelewa, mama. Tundu lionekane dirishani mwangu. Basi."

"Hata dirisha likiwa wapi?"

"Popote lilipo ni dirisha langu!" Mkurugenzi aligonga meza. Akaliandika neno hilo hapohapo, akatia sahihi na muhuri, maana hapendi kuulizwa jambo mara mbili.

Ofisi yetu ni kibanda cha mbao, mali ya kijiji, kilichokalishwa juu ya magogo. Asubuhi iliyofuata tulikuwa tukinywa kahawa meza ilipoanza kusafiri. Nje, matrekta yalikuwa yananguruma.

"Simamisheni!" Mkurugenzi alipiga kelele dirishani.

"Shika kikombe, mzee, kuna kona!" Huguette alijibu kutoka kwenye trekta la mbele.

Tulikokotwa kuuzunguka mlima wenye miti hiyo mpaka upande wa kaskazini, ambako jua hupita kama mdeni. Huguette akatoboa mti uliotukabili. Maranda yakatoka meupe. Tone likaning'inia, likaanguka, jingine likalifuata. Alilionja kwa kidole, akageuka upande ili tusimwone akifuta machozi. Mkurugenzi alikagua kwa darubini, ingawa angeweza kuugusa mti kwa mkono. Tundu lilikuwa halali.

Kurudi hatukuweza. Tungerudi, matundu yote yangekuwa haramu, na mwenye sahihi ndiye angejibu. Kwa hiyo siku hizi wanakijiji huzunguka miti kwanza, wakakubaliana pa kutoboa, kisha humkokota Mkurugenzi na ofisi yake mpaka mbele ya miti hiyo. Idara imeupa utaratibu huu jina la Ugatuzi wa Dirisha, na inajivunia kuubuni.

Mwaka huu tumepakana na zizi la nguruwe. Juzi Mkurugenzi alivua kofia, akamfuata Huguette mwituni akiwa na viatu vyake vya ngozi.

"Shikamoo, Mama Bolduc. Mwakani, nakuomba sana, hamwezi kutoboa upande wa jua?"

Huguette aliendelea kupapasa gome.

"Lete maombi, mwanangu," alisema. "Kamati itakaa."