Bango Nililomtundikia Mama Lugano

Leo nimejiaibisha mbele ya watu, tena Biblia ikiwa mkononi. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa majirani zangu wa mtaa wa Soweto, maana wale wataongeza chumvi.

Mama Lugano ni jirani yangu, anauza mchele na maharage pale soko la Mwanjelwa. Mwezi uliopita ilipiga mvua ya mawe, upepo ukang'oa paa la kibanda chake. La kwake tu! Vibanda vya kulia na kushoto havikuguswa hata bati. Magunia yakalowa, maharage yakaota (yaani yalichipua kabisa, kama yako shambani). Na watu wetu mnawajua. Hata hajamaliza kuanika mchele, maneno yameshaanza: "Kwa nini yeye tu? Kuna kitu huyo mama kafanya." Wengine wakawaingiza mpaka watoto wake. Mama wa watu akaacha kuja hata kwenye maombi ya jumuiya.

Iliniuma sana. Nikaapa kwamba siku akifungua tena, nitasimama mbele ya wote nimtie moyo, na hao wenye midomo wafunge.

Na silaha nilikuwa nayo. Wiki hii kanisani tulikuwa na semina ya kusoma Biblia. Mwalimu alikuwa mwinjilisti wa Iringa, mpole kweli, hata akikukosoa unadhani anakuombea. Alitufundisha kwamba Biblia siyo andiko la aina moja. Zaburi ni nyimbo, usizisome kama sheria. Mithali ni hekima ya maisha, siyo mkataba uliosaini na Mungu. Barua waliandikiwa watu fulani wenye shida zao. Kwa hiyo kabla hujambandika mtu aya, jiulize: hili ni andiko la aina gani, nani anasema, na yametangulia maneno gani?

Jamani, niliyashika! Nyumbani nikawa kero. Baba Ipyana, mume wangu, akinukuu mithali kidogo tu mezani, namrukia: "Hiyo siyo ahadi!" Mpaka juzi akaniambia, "Mama Ipyana, naomba chumvi. Au na chumvi nayo ni mfano?"

Basi leo asubuhi ndiyo kufungua kibanda. Bango nilishalichapisha. Aya nilichagua mwenyewe, ile iliyoko kwenye kila saluni na nyuma ya kila bajaji mjini hapa, kwamba ukianza padogo utamalizia pakubwa. Nani asiyeijua? Chini yake nikaandikisha: Ayubu, sura ya nane. (Je, nilifungua Biblia kabla ya kwenda kuchapisha? Sikufungua. Aya naijua, nifungue ya nini?)

Watu walijaa. Jumuiya nzima, majirani wa sokoni, na wenye midomo wote hawakukosa. Mwinjilisti naye alipitia kuaga, maana mchana alikuwa anarudi kwao. "Kamwene," akatusalimia Kihehe chake. Paa jipya linang'aa. Nikatundika bango. Makofi! Mama Lugano akafuta machozi kwa pindo la kitenge. "Ndaga fijo, Mama Ipyana," akaniambia, na asante ya Kinyakyusa ikitoka vile ujue imetoka moyoni.

Ningeishia hapo, saa hizi ningekuwa shujaa.

Lakini nilitaka waone nilivyosoma. Nikapaza sauti: "Wapendwa, siku hizi hatuokoti aya njiani! Tutasoma sura yote kuanzia juu, tujue Mungu alimwambia nini Ayubu!"

Mwinjilisti akakohoa. "Mama Ipyana, tungeomba tu, watu wafanye biashara."

"Hapana, mwinjilisti! Si wewe ndiye uliyetufundisha?"

Nikafungua. Mstari wa kwanza, anayesema ni Bildadi. Bildadi? Nikajipa moyo kwamba labda Mungu ataingia mbele. Nikaendelea. Huyo Bildadi anamwambia Ayubu kwamba maneno yake ni upepo mtupu, tena upepo mkali.

Nilipotamka "upepo," watu wote waliangalia paa.

Mwenye akili angefunga kitabu. Mimi nikianza kitu sikiachi. Nikaongeza sauti. Kumbe mstari wa nne unakwenda kwa watoto: kwamba walimkosea Mungu, na yaliyowapata ni malipo yao. Lugano mwenyewe, binti mkubwa, alikuwa mbele yangu na sinia la maandazi. Akaliweka chini.

"Mama Ipyana, umesemaje?"

"Siyo mimi! Ni Biblia!"

"Biblia inatusema sisi?"

Nikasikia sauti huko nyuma: "Si nilisema? Hata Neno limethibitisha." Uwii! Nimekuja kuwafunga midomo, nimewapa na maandiko!

Nikakimbilia aya ya bango, nikaisoma kwa nguvu zangu zote. Hakuna hata kofi moja. Nikaruka chini kutafuta faraja, nikatua panaposema mtu ataitegemea nyumba yake, nayo haitasimama. Bati jipya likalia, kwaa! Kaupepo tu ka asubuhi. Lakini walioegemea nguzo wote walijitoa.

Mwinjilisti akanisogelea. "Mama Ipyana, nani anasema?"

"Bildadi," nikajibu. "Rafiki yake Ayubu."

"Na kitabu hiki ni cha aina gani?"

Nikakumbuka. Tulifundishwa Jumanne, nikaandika na kupigia mstari! "Ni mashairi ya mabishano. Rafiki zake wanashikilia kwamba aliyepatwa na baya lazima alitenda baya."

"Mwishoni Mungu anawaambiaje hao rafiki?"

Nikafunua mpaka mwisho, nikasoma. Mungu amewakasirikia. Hawakusema yaliyo sawa. Aliyesema sawa ni Ayubu.

Mwinjilisti aliwageukia tu wale wa nyuma, akawaangalia. Mmoja ghafla akaanza kuuliza bei ya mchele.

Mama Lugano akapanda kwenye stuli, akashusha bango langu. Nikajua ndiyo nimempoteza jirani. Akaligeuza maandishi yaangalie chini, akafunika nalo gunia la maharage. "Plastiki nzuri hii. Mvua haipiti," akasema. Kisha akanitazama usoni, mabega yakaanza kutikisika, akacheka mpaka akashika meza. Tangu siku ya ile mvua sikuwa nimemsikia akicheka.

"Kesho njoo," akaniambia akifuta macho. "Ila usije na neno. Njoo ukae hapa, tuchambue maharage."

Nimerudi nyumbani na aibu yangu, nikakaa chini kusoma Ayubu. Safari hii kuanzia mwanzo. Kumbe wale rafiki walipofika, walikaa naye chini kwenye udongo wiki nzima, hakuna aliyefungua kinywa. Hapo walikuwa rafiki wazuri kabisa! Waliharibu walipoanza kuongea.

Kwa hiyo kesho nipo Mwanjelwa na ungo wangu. Ukipita pale, cheka ukishafika mbali, na tafadhali usinisemeshe. Nafariji.