Askari wa Kirumi Aliyetimua Mbio

Jamani, leo mwenzenu nimepatikana. Tena mbele ya kigango kizima.

Mnajua mimi ni mwalimu, Mnyiramba wa Singida niliyepangiwa kazi huku Isongole, na nimechumbiwa na Mnyakyusa. Kwao mkwe wa kike haonani uso kwa uso na baba mkwe. Ukimwona njiani, unaingia shamba la watu mpaka apite. Mwaka mzima nimeushika mwiko huo, maana mzee asiporidhika, ndoa hakuna.

Sasa leo Ijumaa Kuu tulikuwa na igizo la Mateso. Wanaume hawakutosha, nikapewa uaskari wa Kirumi. Padri alishatuambia mjeledi wa ngozi wa Warumi kwa Kilatini uliitwa flagellum. Neno likanikaa. Wenzangu wakashauri kamba ya mgomba. Mimi nikachana mkanda wa ngozi vipande vinne, nikafunga kwenye mpini. (Kiherehere hicho ninacho tangu utotoni.)

Makubaliano: mimi napiga chini, Yesu analia.

Asubuhi kijana wetu wa kuwa Yesu akaamka na malaria. Katekista akanipigia simu.

"Usijali, mwalimu, nimepata mwingine."

Sikuuliza nani. Nilipoingia na kofia yangu ya boksi, imenifunika hadi kwenye nyusi, huyo mwingine keshafungwa kwenye nguzo, kanipa mgongo, kajitanda kitambaa kichwani.

Pigo la kwanza, chini. La pili, chini. La tatu kofia ikanishukia machoni. Pwaa, mgongoni.

"Gwe mwana, unaniua kweli?"

Sauti ile naijua. Huwa naisikia nikiwa jikoni kwao, mwenyewe yuko sebuleni. Kofia ikaanguka, naye akageuka. Tukatazamana, mimi na baba mkwe.

Nikatupa flagellum, nikampita Pilato mbio, nikaishia kwenye viazi vya watu. Nyuma nasikia makofi. Waumini walidhani askari ametubu. (Bibi mmoja alilia kabisa.)

Nilikaa kule na aibu yangu hadi mchumba aliponipigia.

"Mzee hana neno. Mgongo unamuuma, ila anasema mkwe aliyekimbia vile amefundwa."

Nikashusha pumzi.

"Lakini mama anauliza mjeledi uko wapi. Anasema usiutupe, ana kazi nao hapa nyumbani."

Naomba msinicheke. Mwakani nimeomba niwe jogoo wa Petro, niwike tu niondoke.