Ombi la Kutofungiwa Stoo Pamoja na Mita

Ndugu Meneja,

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini hujambo, mama watoto hajambo, na kikohozi cha yule mdogo kimepungua. Mimi ni mzima kwa neema ya Mungu, isipokuwa magoti, na moyo, ambao ndio umenifanya nishike kalamu. Ni mimi dada wa mapokezi, hapa hapa ofisi ya maji. Ningeweza kugonga mlango wako, lakini mambo mazito nikiyasema kwa mdomo machozi hunitangulia, na mteja hapendi kuhudumiwa na mtu anayelia.

Tangu tuletewe Afisa wa Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambaye vijana wamempachika jina la Bwana Kufuli (mimi simwiti hivyo, nawasikia tu), ofisi imekuwa safi hadi unaogopa kukohoa. Ameagiza kwamba kabla hatujafunga kwa likizo kila meza iwe tupu, kila karatasi yenye jina la mtu ipite kwenye mashine ya kuchana, na kila mahali panapotunza habari za watu pafungwe kwa kufuli. Sipingi. Usafi nao ni ibada. Ila nina malalamiko, na nimeyapa namba ili usichoke.

1. Vikombe. Amebandua majina yetu kwenye vikombe vya jikoni kwa kuwa jina ni taarifa binafsi. Dereva, na unajua mwenyewe anavyobwia ugoro, amekitwaa changu chenye ua. Nilipomwambia ni changu, aliniuliza nina ushahidi gani. Nikabandika kikaratasi kisemacho "Cha mwenyewe, anajijua." Nacho kikachanwa.

2. Maombi. Wenzangu huniachia vikaratasi vya shida zao, nami huwaombea asubuhi kabla sijafungua dirisha la wateja. Vyote vilikuwa kwenye droo yangu, na vyote vimepita mashine. Bwana Kufuli (nisamehe, Afisa) alinishauri niendelee kuomba bila kutaja majina. Nikatii. Nikamwomba Mungu amkumbuke mhusika wa kwanza wa ghorofa ya juu, kisha mhusika wa pili wa ghorofa ya juu. Matokeo umeyaona: aliyekuwa anaomba mtoto amepata uhamisho, na aliyekuwa anaomba uhamisho ana mimba. Simlaumu Mungu hata kidogo. Maombi yalifika, anwani ndiyo haikuwa kamili.

3. Kuwaita wateja. Nimekatazwa kuwaita kwa majina. Nikawa nawaita kwa shida zao, "mwenye bomba lililopasuka, njoo", wakasimama ukumbi mzima. Nikaambiwa shida ya mtu nayo ni taarifa. Nikajaribu mavazi, "baba mwenye koti la kijivu", nikaambiwa hiyo ndiyo mbaya kabisa. Sasa nawaita kwa kukonyeza. Ndugu Meneja, mimi ni mama mtu mzima, nina ndoa na nina heshima zangu. Juzi nilimkonyeza mzee mmoja kuhusu mita yake, mkewe akainuka badala yake. Mengine ulitoka ukayakuta.

4. Hili ndilo lililoniondolea usingizi. Niliposikia kwamba kila mahali panapotunza habari za watu pafungwe, nilimuuliza Afisa kwa mzaha kama na mimi nimo. Hakucheka. Akajibu, "Hasa wewe, mama." Na kweli, leo nimepewa habari kwamba tukirudi likizo nahamishiwa stoo ya mita, nyuma kule, kwa sababu najua mno mambo ya watu.

Basi kama mimi ni kabati, sheria ifuatwe mpaka mwisho. Kabati halitoki nje ya ofisi na mafaili tumboni. Kwa hiyo likizo siwezi kwenda kwa mama mkwe, maana nitapanda basi na habari za idara zote. Ama nibaki hapa likizo nzima, niwekewe godoro na mlinzi wa kunipitishia chakula dirishani, ama mlinzi huyo aandamane nami hadi ukweni. Tena mume wangu anadai nasema usingizini. Itabidi naye aape kutunza siri. Na kwa kuwa kuta za nyumba ya mama mkwe ni nyembamba, aape na mama mkwe, na mama mkwe akishaapa kijiji kizima kitataka kujua aliapa nini. Sioni mwisho wake, ila kununua kufuli nyingi.

Ndugu Meneja, niondoe utani. Sikuwahi kuwatafuta watu. Mtu anakuja kuuliza kama kuna barua yake, anaegemea kaunta, anaanza kusema. Nami nasikiliza, kisha nafunga mdomo. Wewe mwenyewe ni shahidi wangu. Siku ile ulipotoka kwa daktari ukanieleza alichokuambia, je, umewahi kukisikia kwa mwingine? Mpaka leo unaendesha vikao ukiwa umesimama, na watu wanadhani ni ukakamavu wa uongozi.

Pale mapokezi ndipo ninaposalimiwa. Watoto wangu wameshaoa na kuolewa, na mume wangu ni mtu wa maneno machache sana akiwa macho. Huko stoo kuna mita tupu, na mita haikuulizi umeamkaje. Naomba uniache kwenye kiti changu.

Nisalimie mama watoto, watoto wote, shemeji yako aliyekuja kukaa kwenu, na hata Afisa, nimemsamehe. Tafadhali nijibu mapema kabla ofisi haijafungwa, nijue kama nikitafute kikombe changu nikifungashe, au nikitafute nikiache.

Wako mtiifu katika kazi na katika maombi,

Dada wa Mapokezi

Tanbihi: Uniwie radhi kwa bahasha kuwa imefunguliwa. Niliwasomea wenzangu jikoni kwanza wanisahihishie, na wote wamekubali kwamba hakuna mtunza siri kama mimi. Tulipofika pale pa daktari waliniuliza kwa nini unasimama, nikakataa katakata kuutaja ugonjwa wako. Nilichosema ni kwamba wakuonee huruma, kiti kigumu ni adui yako. Wameguswa sana. Tumechanga tukakununulia mto wa kukalia, ule wenye tundu katikati, utaukuta kwenye kiti chako. Idara zote zimetia saini kwenye kadi. Kwa ajili ya usiri, jina lako hatukuliandika.