Ombi la Kufupisha Wimbi la Mita Arobaini

Ndugu Katibu wa Chama cha Redio ya Ridhaa, pamoja na ndugu wengine wote wanaofungua barua zako kabla hujafika ofisini,

Salamu sana. Natumaini barua hii inawakuta wazima, na kama mna mafua kama mimi, poleni, tumo pamoja.

Mimi ni fundi wa mapazia. Nasoma katika Darasa la Wanaoanza, lile la chumba cha juu ya duka la mabati, na kiti changu ni kile cha dirishani chenye mguu mmoja mfupi. Nilijiunga kwa hiari yangu, sikusukumwa na mtu. Tangu mume wangu afariki, nyumba yangu ikifika jioni inakuwa kimya mno, mpaka nasikia friji ikikohoa. Nikaambiwa kwamba mtu akisoma umeme kidogo na akajua kutundika antena, anaweza kukaa jikoni kwake akaongea na watu wa mabara mengine. Nikasema haya, hilo ndilo langu. Mimi nataka watu wa kuongea nao, na sioni aibu kulisema hilo kwa maandishi.

Mpaka hapa nimekuwa mwanafunzi mzuri. Najua mkondo, najua volti, najua ukinzani. Nimeunganisha betri na balbu bila kuunguza kidole. Sheria ya Ohm nimeikubali, ingawa nilipouliza ilipitishwa na bunge gani darasa zima lilicheka na hadi leo sijajibiwa. Sasa tumefika kwenye antena, na hapo ndipo Chama kimenikosea. Msimamizi wa mtihani atapita nyumba kwa nyumba mwisho wa mwezi kukagua antena ya kila mwanafunzi, na asiyekuwa nayo hapati leseni mpaka mwakani. Mwakani ni mbali, Ndugu Katibu, hasa jioni. Kwa hiyo naomba malalamiko yangu yasikilizwe kabla msimamizi hajabisha hodi kwangu.

1. Urefu wa wimbi. Tumefundishwa kwamba wimbi la kuanzia lina urefu wa mita arobaini, na antena yake inatakiwa iwe nusu ya hapo, yaani waya ulionyooka wa mita kama ishirini. Ua wangu una mita kumi. Nimeupima mara mbili kwa tepu yangu ya kazi, na tepu yangu haijawahi kusema uongo, licha ya maneno ya watu fulani. Mimi nimeshona mapazia tangu ujana wangu. Mteja akija na dirisha fupi, nafupisha kitambaa. Sijawahi hata siku moja kumwambia mteja avunje ukuta ili dirisha lilifuate pazia. Lakini ninyi mmekata wimbi moja, saizi moja, kwa wenye mashamba na kwa sisi wenye nyua ndogo za kuanikia nguo, kisha mnatuambia tutajua wenyewe. Huo si ufundi. Nasikia liko wimbi la mita ishirini, ambalo lingenikaa kama nguo ya kupimwa, ila leseni ya wanaoanza hairuhusu. Sawa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

2. Mikono miwili. Antena yenyewe ina mikono miwili iliyo sawa, mita kumi huku na mita kumi kule, na kebo ya kwenda kwenye redio inaungwa katikati. Mkono mmoja ukiwa chanya, mwingine unakuwa hasi, halafu inabadilishana, mara milioni saba kwa sekunde moja. Niliandika hayo vizuri daftarini bila kubisha, japokuwa nimekulia katika nyumba yenye mabadiliko ya namna hiyo na hakuna aliyetupa leseni. Na mkono wa kwanza sina ugomvi nao. Unatoka kwenye mlingoti uliosimama kando ya ukuta, unapita juu ya kamba ya nguo, unaishia pembeni mwa paa la jiko langu vizuri kabisa. Mkono wa pili ndio wenye matatizo, kwa sababu upande wa pili wa ukuta ni kwa dada yangu.

Hapa inabidi nieleze, Chama kisije kikadhani mimi ni mtu wa magomvi. Nyumba ilikuwa ya marehemu mama yetu. Tulipogawana, ukuta ukajengwa, na mimi na dada tukaendelea kuishi vizuri tu, tukipeana chumvi juu ya ukuta. Kisha akaniomba nimshonee mapazia ya sebuleni, maana wakwe wa mwanawe walikuwa wanakuja. Nikamshonea, tena usiku na mchana. Siku yenyewe, mbele ya wageni wote, na mimi nimeshika sinia la vikombe, akasema mapazia ni mafupi, yanaonyesha vifundo vya miguu. Wageni wakacheka. Mkwe mmoja alicheka mpaka akaomba maji. Mimi nilijua, na leo narudia, kwamba aliyafua kwa maji ya moto nilipokuwa sipo. Ni miaka minne sasa hatuongei. Mapazia yenyewe hajayashusha hadi leo, nayaona nikipanda ngazi.

3. Kuingiliwa mambo ya ndani. Nilipomweleza mwalimu wetu haya yote, naye ni fundi mitambo wa simu mstaafu ambaye nilitegemea anipe jibu la kifundi, alivua miwani, akaifuta, akaniambia nikamwombe dada. Basi. Huo ndio uliokuwa ushauri wa kitaalamu. Ndugu Katibu, mimi nilijiandikisha kusoma umeme, sikujiandikisha kusoma undugu. Nikamuuliza kama hakuna antena ya mkono mmoja. Akasema ziko za kila namna, za kusimama, za kukunja, za kuzungusha, lakini hizo ni za darasa la pili. Na darasa la pili huingii bila leseni, na leseni huipati bila antena, na antena ndiyo hiyo inayopita kwa dada. Nikamwambia asante. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba nilisahau mwavuli wangu darasani, na naomba nirudishiwe.

4. Nguvu kurudi. Sikukata tamaa. Nilifunga mkono mmoja tu, ule wa kwangu, na ule wa pili nikauviringisha kwenye kibao kama uzi, nikauning'iniza ukutani upande wangu. Mwalimu akaja na redio yake na leseni yake, akabonyeza, akatazama kipimo. Sindano ikapanda mpaka kwenye rangi nyekundu ikakaa huko huko. Akanieleza kwamba antena ikikosa upande wake wa pili, nguvu unayoituma haiendi popote. Inageuka na kurudi ilikotoka, na ukiendelea kulazimisha utaunguza redio yako mwenyewe. Kisha akaniangalia. Nilimwambia asiniangalie hivyo.

Nataka kujua ni nani aliyeamua kwamba nguvu irudi. Mimi nilikuwa naita dunia nzima, sikumwita dada. Iweje dunia nzima isubiri kibali cha mtu mmoja asiyejua hata kufua pamba?

5. Kusikiliza kwanza. Kanuni ya Chama inasema kabla ya kumwita mtu hewani ni lazima usikilize kwanza, halafu uulize kwa upole kama kuna mtu anatumia masafa hayo, ndipo uite. Katika ukoo wetu anayesikiliza kwanza ndiye anayeshindwa. Naomba tusamehewe kanuni hii.

6. Kituo cha kati. Ili isije ikasemwa sikujaribu, nilimtuma mama muuza mboga. Yeye huingia milango yetu yote miwili kila asubuhi, na kwa miaka hii minne ndiye tunayempitishia habari: nani anaumwa, bomba la nani linavuja, mwana wa nani kapata kazi. Nilimwambia amuulize dada, bila kutaja imetoka wapi, kwamba mtu asiyejulikana akiwa na waya usio na madhara yoyote, je, unaweza kupita juu ya ua wake. Akarudi na vitunguu vyangu na jibu, kwamba mwambie huyo mtu asiyejulikana kuwa ana mdomo. Nimelitafakari jibu hilo wiki nzima na kila nikilitafakari linazidi kuwa la jeuri.

Kwa hayo yote, naomba Chama kichukue hatua, na nimewapangia nikianzia na iliyo rahisi. Wimbi la mita arobaini lifupishwe, libaki nusu yake. Najua nchi nyingine zitaathirika, na wenzetu wa ng'ambo watalazimika kukata waya zao. Mkiwaandikia kwa adabu wataelewa, nao wana ndugu. Kama hilo haliwezekani kabla ya mwisho wa mwezi, basi hewa yote iliyo juu ya ua wa dada, kuanzia ncha ya ukuta kwenda juu, itangazwe kuwa ni mali ya Chama, na Chama kinikabidhi mimi niitunze. Dada abaki na ardhi yake, simwonei. Na kama hilo nalo ni gumu, basi ile sheria kwamba antena lazima iwe na pande mbili ifutwe kabisa, au angalau iwekewe kifungu cha msamaha kwa wanafunzi wenye ugomvi wa kifamilia uliozidi miaka mitatu. Mkitangaza kifungu hicho mtashangaa. Tuko wengi.

Sina la ziada. Wasalimie wa nyumbani kwako, na mwalimu wetu pamoja na miwani yake, na mwenye duka la mabati asiyechoka kugonga nyundo wakati wa somo, na yule mwenzetu anayelala kuanzia volti mpaka kipindi kiishe. Nawasalimu na majirani zangu wote isipokuwa mmoja, naye anajijua.

Wako katika elimu ya mawimbi,

Fundi wa Mapazia,
Darasa la Wanaoanza.

Nyongeza: Bahasha ilikuwa imeshafungwa, nimelazimika kuifungua kwa mvuke wa birika. Kabla ya kwenda posta nilipanda ngazi nijaribu mara ya mwisho, na ule mkono wa pili ukaniponyoka, ukaangukia kwa dada. Nikasikia mlango wake unafunguliwa. Waya ukaanza kuvutwa. Nikajua leo anaukata, nikavuta pumzi ya kupiga kelele mtaa mzima usikie. Waya ukanyooka, ukakaza, ukatulia. Kuchungulia, namwona dada yangu yuko juu ya stuli, kwa umri ule na magoti yale, ameufunga kwenye nguzo ya tangi lake la maji kwa fundo lile lile alilotufundisha mama la kufungia kamba ya nguo.

Akaniambia mimi ndiye niliyelegeza upande wangu. Akaniuliza kwa nini siku zote hizi sikusema. Nikamwambia mbona nilimtuma muuza mboga. Akasema muuza mboga hakuzaliwa na mama yetu, yeye alikuwa anamsubiri mdogo wake. Kisha akauliza ninataka kuongea na nani huko mbali kote. Nikalia juu ya ngazi, jambo ambalo mwalimu ametukataza kwa sababu za usalama.

Jioni hiyo alikuja kwangu, nikamweleza mkondo na volti mpaka chai ikapoa. Kuhusu mapazia hatujakubaliana, na sidhani tutakubaliana. Leo mwalimu amekuja na kipimo chake, na sindano imelala chini kabisa. Ndugu Katibu, kwa hiyo naomba mfute namba ya kwanza hadi ya sita, na wimbi msilipunguze hata sentimita moja.

Ila tuna ombi jingine, mimi na dada tumelijadili vizuri. Tumesoma kwamba leseni ya wanaoanza inaruhusu pia wimbi la mita themanini, ambalo antena yake ni mita arobaini. Tumepima, yeye kashika mwanzo wa tepu na mimi mwisho wake. Ua wangu na wake kwa pamoja vinatosha mkono mmoja tu. Mkono wa pili itabidi uingie kwa kaka yetu, aliyepata ule upande mpana wa mwisho, na ambaye tangu siku ya kugawana hajamsalimu dada wala mimi. Sisi wenyewe hatuwezi kumwanza. Tafadhali tuandikieni barua kali, yenye mhuri, ituambie kwamba ni lazima.