Habari za Mkwe Aliyeupanda Mlima wa Kwale kwa Kaptula

Sogeeni, enyi watu wa Msambweni na Ukunda, nanyi wa Tiwi mliozoea njia tambarare; wekeni chini vikombe vyenu, nyamazisheni simu zenu, mnipe masikio yaliyo safi, kwa kuwa leo nasimulia jambo ambalo wazee wetu, waliopanda na kushuka vilima hivi kwa miguu yao wakijenga kaya, ngome zao, misituni, hawakupata kulitenda, nao hawakulitenda kwa sababu walikuwa na akili. Nasimulia jinsi mimi, Swabir, simba wa kibaraza, mshindi wa vita vingi vya mbaazi na mahamri, mwanamume mwenye kitambi kinachotangulia kuingia nyumbani, nilivyoukwea mlima wa Kwale juu ya baiskeli bila kuikokota. Asiyeamini na akae kando, awapishe waungwana wasikie.

Baiskeli yenyewe niliinunua kwa Mholanzi mmoja wa Diani aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa na gia nyingi kuliko nilizojua kuzitumia. Nikaiita Shahini, nami wallahi nilimpenda Shahini huyo. Kila jioni nilimfuta vumbi kwa kitambaa laini, na Twaiba, mke wangu, akisimama mlangoni akitazama. "Mimi tangu unioe hujanifuta hata jasho," akaniambia siku moja, nami nikaendelea kuufuta usukani.

Basi nilipotangaza kwamba nitasafiri na Shahini nchi ya vilima, nipite Kikoneni niizuru misitu ya kaya, kisha nirudi kwa njia ya Tiwi na Kombani nimalizie Kwale mjini, kwa wakwe zangu, Twaiba alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi akatoa hukumu.

"Enenda, bwana wee. Ukiupanda mlima wa Kwale umeikalia, baiskeli ni yako na sitaisema tena. Lakini ukiikokota, hata hatua moja, nampa kaka yangu Waziri abebee madafu. Naye atakufuata mlimani kwa pikipiki yake awe shahidi."

Waziri, shemeji yangu, ni muuza madafu wa Ukunda. Alimzunguka Shahini akimpima kwa shubiri, aone matenga yatakaa wapi. Moyo wangu ukapasuka. Jueni basi, enyi wasikilizaji, kwamba sikuingia vitani kwa ajili ya sifa, bali kumwokoa kipenzi changu asivishwe matenga.

Nikaondoka baada ya swala ya alfajiri, kofia ya plastiki kichwani, na mwilini kaptula niliyopewa pamoja na baiskeli: nyeusi, ya kubana, imetiwa sponji makalioni, vazi ambalo hata peke yangu chumbani nililivaa kwa haya. Katika mkoba nilikunja kikoi na kanzu, nia yangu nivae nikishafika juu, kabla ya kupiga hodi ukweni. Hapo ndipo ulipokuwa upumbavu wangu, nao ni upumbavu wa mkwe: nilidhani ukwe unaanzia mlangoni.

Vilima vya Kikoneni viliniadhibu vibaya. Na huku kwetu, kama mjuavyo, mzee humpiti umekalia baiskeli kama mfalme. Unashuka, unatoa shikamoo, unaulizwa hali ya nyumbani, hali ya watoto, mvua huko kwenu imenyesha au bado, ndipo unaruhusiwa kwenda zako. Nami kila nilipopata mwendo mzuri, mzee alichomoza na jembe lake begani. Nilishuka, nikasalimu, nikapanda, nikashuka tena, hata nikaona kwamba nchi ile ina wazee wengi kuliko mihogo. Nilifika ukingoni mwa msitu wa kaya nikavua kofia, nikainamisha kichwa. Waliokaa humo walipanda kilima kile na watoto mgongoni, wakimkimbia adui, na mbuzi wao kwa kamba. Mimi nilikuwa nikilia na gia. Niliona aibu, nikanywa maji, nikaendelea.

Nikalala kwa binamu yangu, na kesho yake, jua likiwa limeshika utosi, nikasimama chini ya mlima wa Kwale. Waziri alikuwa akiningoja pale na pikipiki yake, anatafuna njugu.

"Ewe mlima," nikanena kwa sauti kuu, "ewe mla breki na mtesa malori, leo amekujia Swabir, na kati yetu mmoja atalala!"

"Shemeji, kulala utalala wewe," akasema Waziri. "Panda, jua kali."

Nikapanda. Nikakanyaga nikakanyaga, mapaja yakiwaka moto, jasho likiniingia machoni, masikio yakivuma, na Shahini chini yangu akilalamika kwa milio ambayo Mholanzi hakunitajia. Nyuma yangu pikipiki ikija taratibu, na sauti ya shemeji haikukoma. "Shemeji, kuna jongoo kwa kulia, mpishe apite!" Pumzi ya kumjibu sikuwa nayo.

Nusu ya mlima nilikuwa nimekwisha kuiteka nilipoiona kona, na ukingoni mwa kona wanawake watatu wanaotoka shamba, wamepumzika na matita yao ya kisamvu. Wa kati alikuwa mavyaa wangu, mama yake Twaiba. Jina lake silitaji, mkwe hataji.

Yaa Rabi! Mbele yangu adabu, nyuma yangu matenga. Nikimpita juu ya baiskeli, nimemtukana mzazi wa mke wangu hadharani. Nikishuka, Shahini ni wa Waziri. Mguu wangu haukungoja shauri. Ukashuka wenyewe, kama ulivyofunzwa tangu utotoni, nami nikajirusha nyuma ya baiskeli, nikachomoa kikoi mkobani nikajifunga nacho, nikayakaza macho yangu ardhini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko?"

"Hatujambo, mama."

"Twaiba hajambo? Watoto wazima?"

"Wazima, alhamdulillahi. Wanakusalimu sana."

"Mbona unatetemeka? Unaumwa?"

Kabla sijajibu, pikipiki ikafika ikinguruma. "Ameshuka!" Waziri akapiga kelele. "Mama, umeona mwenyewe, ameshuka! Baiskeli yangu hiyo!"

"Ulitaka asishuke?" mama yake akamuuliza. "Anipite hapa kama mbuzi?"

Ndipo Waziri akaeleza yote: hukumu ya dada yake, madafu, matenga. Nami nikaona sharti niseme kabla sijalia.

"Ewe mama uliyenizalia mke," nikanena nikitazama vidole vya miguu yangu, "mlima haukunishinda. Nimeshindwa na heshima yako, na kushindwa huko sikujutii. Achukue. Ila umwambie amfute vumbi jioni, amezoea."

Wale wenzake wawili wakajifunika midomo kwa kanga, mabega yakiwacheza.

Mavyaa akamgeukia mwanawe. "Twaiba alisemaje hasa? Asishuke, au asikokote?"

"Asikokote," Waziri akakiri.

"Amekokota?"

Waziri akatazama njugu zake.

"Basi mtu amesimama kunisalimu, wewe wapiga kelele. Ateremke mpaka chini kwenye tambarare, aanze upya. Haya."

Ateremke! Nusu ya mlima, niliyoinunua kwa roho yangu pima kwa pima, niirudishe bure! Lakini mavyaa akisema amesema. Tatizo likabaki moja, nami nililitoa kwa haya kubwa. "Mama, nikirudi nitakukuta hapa hapa, na nikikukuta nitashuka. Na kikoi hiki siwezi kukipandia, mnyororo utakila. Na nikikivua…" Nikashindwa kumaliza.

Nilisikia kicheko kinamponyoka, akakimeza. "Enenda, mwanangu. La kukutana niachie mimi."

Vita vya pili, enyi wasikilizaji, havisimuliki vyote. Nilipanda nikiwa nusu mtu nusu maiti. Shahini aliyumba kutoka ukingo mmoja wa barabara hadi mwingine, na gurudumu la mbele lilikuwa likifikiria kurudi nyuma. Kuhema kwangu kulikuwa kama mashine ya kusaga mahindi yenye mawe ndani. Nikaifikia ile kona, nikainua macho yaliyojaa chumvi.

Walikuwa wamesimama mstari mmoja, wote watatu, wameipa barabara migongo, kanga zimefunika vichwa, wanatazama shamba la mihogo kana kwamba mihogo inacheza ngoma. Kando yao Waziri, aliyezuiwa asinifuate, mtu mzima mwenye ndevu, mama yake amemkamata mkono wa shati. "Geuka kule!" nikamsikia. "Nawe pia, tazama mihogo!"

Hakuna aliyeniona, basi hakuna wa kumshukia. Nikapita. Nikapita na kaptula yangu ya kubana na sponji yangu na kitambi changu, mbele ya migongo minne, nikaendelea kupanda mpaka barabara ikalala na mimi nikalala juu ya majani kando yake.

Walipofika juu kwa mwendo wao wa matita, mimi nikiwa nimekwisha kuvaa kanzu, Waziri alikuwa na Twaiba kwenye simu, sauti nje. "Mimi sikuona, dada. Nilikatazwa kutazama. Huenda alikokota."

Nikahisi matenga yanarudi. Twaiba akasema, "Nipe mama. Mama, wewe umemuona kapita ameikalia?"

"Nimuone vipi na nguo ile? Mkwe wangu!"

"Sasa nani ajuaye kama hakuikokota?"

"Twaiba," akasema mavyaa, "sikumuona, lakini nimemsikia. Anayekokota hahemi vile. Mwanangu, mimi huku nilikwisha kuanza kukuhesabia eda ya ujane."

Simuni kikatoka kicheko cha Twaiba, kirefu, na mwishoni mwake nikasikia, "Basi abaki nayo. Na aje nayo taratibu, mlima ule una kuteremka pia."

Na ijulikane basi, toka Lunga Lunga hata Tiwi, kwamba mlima wa Kwale ulipandwa na mkwe, akiwa ameikalia baiskeli yake, na watu wakampa migongo wote kwa pamoja, nami sijapata kupewa heshima kubwa kuliko hiyo.