Kitufe cha KULIA

Jumatatu, 3 Juni

Vita imeanza. Mwalimu wa mradi ametangaza kuwa mtihani ni Ijumaa. Kila kundi lilete gari uwanjani na lioneshe taa zake zikiwashwa kwa rimoti, bila waya wowote kati ya mkono na gari. Kwangu hii ni mara ya tatu. Anayefeli mara tatu harudi chuoni.

Mke wangu hakugomba. Amenikumbusha tu kwamba kaka yake bado anatafuta mtu wa kuokota mayai bandani kwake. Mimi! Mtu mzima niliyemaliza maktaba nzima ya mtaa, pamoja na vile vitabu visivyosomeka! Niinamie kuku wa shemeji!

Kundi letu ni watu wawili. Mwenzangu ni binti wa rika la mwanangu. Tunamwita Cheche tangu siku ile ya kwanza alipounganisha waya na karakana nzima ikawa giza. Siku hizi analehemu vizuri kuliko wote. Ananiita Mjomba. Kasoro yake ni moja: hafungui mdomo mpaka awe na la kusema.

Adui ni kijana anayevaa tai karakanani. Wanamwita Profesa, naye anaitika! Vitufe vya rimoti yake vimeandikwa Kiingereza, tena kwa rangi ya dhahabu. Nimemuuliza kwa nini. Eti, Mjomba, hayo ndiyo mambo ya kimataifa.

Kimataifa! Damu imenichemka mpaka jioni.

Jumanne, 4 Juni

Nimebandika waraka kwenye ubao wa matangazo: "Ukoloni wa Vitufe." Kurasa saba. Hoja hazina pa kupenya hata sindano. Kufikia mchana mtu amekwisha kuandika pembeni kwa penseli: Mjomba, pumua.

Rimoti yetu itakuwa ya Kiswahili mwanzo mwisho. Vitufe vinne: TAA KUBWA, KUSHOTO, KULIA, na cha nne cha kumkomoa Profesa, maana yeye hana: honi. Lakini honi ni neno la kuazima! Nimeingia kwenye kamusi nikatoka na PEMBE. Watu wa kale walipuliza nini? Pembe. Sahihi kabisa. Nimeandika yote manne kwa brashi na rangi nyeupe, herufi zimekaa kama zimezaliwa hapo.

Cheche ameuliza kama si bora tuchore mishale na vijipicha. Nimemwambia picha zilikuwa za watu wa mapangoni, sisi tuna alfabeti. Amerudi kwenye waya zake. Nimeshinda.

Jumatano, 5 Juni

Bahati imekuja kwa miguu yake! Nimebonyeza rimoti yetu mezani, taa za kundi la Profesa zikawaka upande wa pili wa karakana. Kumbe wote tulinunua vipande vya redio duka moja, na vimekuja na namba ya siri ileile. Profesa akadhani kifaa chake kimelegea. Akakipiga kofi.

Cheche amesema tubadilishe namba yetu mara moja. Nimemwambia aache! Mpango wangu ni huu: Ijumaa, zamu ya Profesa, nasimama nyuma ya watu, rimoti mfukoni. Mwalimu akimwambia aoneshe kushoto, mimi nabonyeza KULIA. Gari lake litakonyeza upande usiotakiwa mbele ya chuo kizima. Tuone dhahabu itamsaidia nini.

Cheche ameniangalia kama mtu anavyoangalia maziwa yanayotaka kufurika. Kisha akasema haya, Mjomba. Nimelichukua kama kiapo.

Alhamisi, 6 Juni

Mke wangu ameleta gari. Yeye ni mwalimu wa udereva na gari analo hilo moja tu, limeandikwa MWANAFUNZI mbele na nyuma. Sharti lake: mkwaruzo mmoja, nitahamia kwa kuku kabla hata ya kuajiriwa.

Cheche ameshinda amelala chini ya usukani, miguu nje, akiunganisha waya. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye boneti nikiandika sehemu ya pili ya waraka, ambayo ni kali zaidi. Mara moja tu alinikatiza. Alitoa kichwa, akaelekeza kidole kwenye rimoti, akauliza: Mjomba, hiki KULIA ndicho kile cha kulia?

Nilikuwa katikati ya sentensi! Nikamjibu bila kuinua uso kwamba ndiyo, cha kulia, kwani kipo cha kucheka?

Akarudi chini.

Baadaye akataka tujaribu. Nimekataa katakata. Wapelelezi wa Profesa walikuwa wanapitapita dirishani, mmoja akijifanya anakula karanga. Nimelifunika gari kwa shuka la kitandani.

Ijumaa, 7 Juni

Sina maneno. Nitaandika machache.

Zamu ya Profesa. Gari la baba yake, limeng'arishwa mpaka unaona meno yako. Mwalimu akasema kushoto. Nikabonyeza KULIA mfukoni.

Gari la Profesa likakonyeza kushoto, safi kabisa. Ila nyuma yetu honi ikapasua uwanja! Nikadhani sikubonyeza sawasawa. Nikabonyeza tena. Ikanyamaza. Tena. Ikalia. Gari la mke wangu likawa kama lina kwikwi, naye alikuwa amejipumzisha ndani yake. Alitoka na kiatu kimoja. Profesa hakutikisika. Amepita.

Zamu yetu. Mwalimu akaitaka rimoti mwenyewe, akasimama tumbo mbele ya boneti, akasema haya, tuone kulia. Akabonyeza.

Miwani yake imeokotwa karibu na lango.

Halafu, kwa ujasiri ambao lazima niusifu, akabonyeza PEMBE. Taa ya mkono wa kulia ikakonyeza kwa upole.

Nilimgeukia Cheche. Akasema taratibu, mbele ya wote: Mjomba, katika hivyo vinne kinacholia ni kimoja tu. Na pembe si ndiyo kona? Si ndipo mtu anapokata? Uwanja mzima ukaangua kicheko. Nikamnong'oneza, na ile namba ya siri je? Akasema aliibadilisha juzi. Nilimwambia aache, naye akaacha. Kunisikiliza.

Mwalimu akasema umeme wetu ni safi ila maandishi ni nuksi. Dereva atakayeyafuata atafika hospitali. Akauliza nani kaandika. Nikafungua mdomo kumsomea sehemu ya pili ya waraka. Cheche akanikanyaga mguu. Akasema tumeandika wote, Mwalimu, tunaomba mpaka Jumatatu. Akifeli mwenzangu ni kwa sababu yangu, wanasema watu. Watu hawajasoma kamusi.

Tumepewa Jumatatu. Mtu asome rimoti bila maelezo, au wote wawili chini. Nyumbani, mke wangu ameuliza nina viatu vya mvua. Vya bandani.

Jumatatu, 10 Juni

TUMEPITA!

Nilifika na hotuba. Nikakuta Cheche amekwisha kubandika vijikaratasi juu ya maandishi yangu: balbu, mshale, tarumbeta, mshale. Waya hata mmoja hakuugusa. Mwalimu alimwita mpishi wa chuo, akampa rimoti, akasimama mbali. Mpishi alipatia vyote vinne huku anatafuna.

Cheche alicheka, halafu akalia. Kulia kwa machozi, niweke wazi. Akanishika mkono, akasema hongera, Mjomba, sasa ukapumzike. Profesa naye amekuja kunipongeza. Nimempokea kwa ukarimu wa mshindi.

Mke wangu amempigia kaka yake kumwambia atafute mtu mwingine. Nimemsikia anaimba jikoni.

Alhamisi, 13 Juni

Siwezi kuvumilia ile mishale. Watu wa mapangoni! Leo nimebandua vijikaratasi vyote kwa maji ya moto. Chini yake, maneno yangu yapo vilevile, meupe, hayana hata doa.

Na kwa wakati mwafaka. Kesho mwanafunzi wa mke wangu, yule mama mwenye duka la vitambaa, anafanya mtihani wa udereva kwa mara ya tatu. Mara zote mbili amefelishwa kwa sababu moja: akifika kona ya posta anasahau kuwasha taa ya kukata kulia. Namwonea huruma. Najua mara ya tatu inavyokaa kooni. Bahati nzuri vifaa vyetu bado vimo garini.

Sijamwambia mtu. Mke wangu atashukuru baadaye. Nitasimama pale posta nikisoma gazeti, mkono mfukoni. Mama akifika na mtahini wake, wala asihangaike.

Nitambonyezea KULIA.